Majani Meusi Hadi Barabarani

Mama mkwe wangu alikuwa amegawa tena. Niliona kabla sijashuka kwenye pikipiki. Kwenye mstari wa majani meusi, kati ya mlango wa nyumba na choo, palikuwa na mapengo mapya, udongo wake umesawazishwa vizuri kwa mkono, kana kwamba hapakuwahi kuota kitu.

"Mama," nikasema, hata salamu sijaitoa, "miche yangu iko wapi?"

"Karibu, Mama Raissa. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Miche iko wapi?"

"Theodosia alikuja kuniona. Akaisifu."

"Na kila anayeisifu anapewa?"

"Sasa mtu akisifu kitu chako, wewe unamtazama tu?"

"Ungemkatia tawi. Nilikuonyesha. Tawi ukilichomeka ardhini linaota."

"Mgeni humpi tawi," akasema, na kuinuka kwenda kuniwekea maji ya kunywa, akipapasa ukuta. "Tawi ni la mbuzi."

Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na gunia la miche mingine mapajani, miche niliyoibeba kutoka Gitega hadi Gasorwe kwenye gari lililosimama kila kituo kutafuta mafuta, na nikajiuliza kwa nini sikujifunza ushonaji.

Nieleze vizuri. Emerensiana ni mama wa mume wangu, Elikana. Sote tulikulia ukimbizini Tanzania. Yeye aliondoka huko na watoto wakubwa, akarudi kwenye kilima cha baba yao Gasorwe, akajenga, akalima, akazika mume. Sasa anaishi peke yake na ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kidogo. Anaona mwanga. Anaona kitu cheusi kikiwa mbele ya kitu cheupe. Kijani, nyekundu, udongo, kivuli, vyote kwake ni uji mmoja.

Msimu wa mvua uliopita alimsindikiza mgeni hadi barabarani, kama watu wa huku wanavyofanya, maana kumwacha mgeni aondoke mwenyewe mlangoni ni kama kumfukuza. Wakati wa kurudi alikuwa peke yake. Akatumbukia kwenye mfereji wa kuzuia mmomonyoko, ule uliokatwa pembeni mwa shamba la jirani yake, Longino. Alikaa humo na kifundo cha mguu kimevimba mpaka Longino alipotoka kukata majani ya ng'ombe na kumkuta. Eti hakupiga kelele kwa sababu hakutaka kusumbua watu wakiwa wanakula.

Elikana alipopata habari hakujadiliana na mtu. "Maharage yakishavunwa, namleta Gitega. Atakaa na sisi."

Nisiseme uongo, sikutaka aje. Nyumba yetu pale Gitega, mtaa wa Nyamugari, ni ndogo, watoto ni wanne, na mlango wa mbele unafungukia mtaro wa maji machafu ambao hata mimi mwenye macho mazima nimeshaingiza mguu humo. Angeshinda kwenye kiti uani akisikiliza redio, akimwita Raissa kila akitaka kwenda msalani. Yeye naye hakutaka kuja. "Nikae Nyamugari nifanye nini?" aliniambia kwenye simu. "Nisikilize pikipiki?" Tangu niolewe na mwanawe, hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana bila kununiana.

Mimi nina diploma ya kilimo na ninaishi kwa kuotesha miche ya mapambo. Wenye hoteli na wenye nyumba mpya pale Gitega wanapenda majani ya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi, na kila mara nawaeleza jambo lilelile: majani meusi peke yake yanapotea. Yapangeni na majani meupe, au ya kijani kilichopauka, ndipo yatakaposimama. Mteja anaitikia kwa kichwa, kisha anakwenda kupanda meusi matupu chini ya mwembe na kunirudia akilalamika. Siku moja nilikuwa nikimweleza hayo mama mmoja wa hoteli, nikajisikia mwenyewe ninavyosema, nikaacha sentensi katikati. Kama jicho zima linavutwa na weusi kando ya weupe, basi jicho la Emerensiana, lisilo na kingine cha kuona, litafanyaje?

Nikapanga. Kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, kutoka chooni hadi kwenye tenki la maji. Mstari wa majani meusi, mafupi, yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Penye kona, kana, ile jamii ya maua marefu, yenye majani meusi, iwe kama mtu aliyesimama kumwambia geuka. Mmea usiokufa baada ya msimu mmoja, kwa sababu sina muda wa kupanda kila mwaka. Akifuata mstari hatapotea. Elikana akija kumchukua, atamkuta anatembea mwenyewe nyumbani kwake, na hoja itakwisha.

Awamu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilipanda meusi matupu. Ndiyo, mimi. Nilidhani ua uliofagiwa utatosha kuwa ndio weupe. Ikanyesha, udongo ukawa mweusi, na mama mkwe akasimama mlangoni akiuliza miche iko upande gani. Ile niliyoweka chini ya migomba ikakosa jua na kugeuka kijani kama mboga.

"Mimi sioni kitu," akasema.

"Najua, mama."

"Nakwambia tu usije ukadhani naringa."

Nikarudi na mimea ya majani membamba yenye michirizi myeupe, nikaipanga nyuma ya ile myeusi, na mbele nikamwaga majivu. Nikakata majani ya migomba yaliyozuia jua. Nikabana ncha za miche ili itoe matawi na kufunga mstari. Baada ya wiki kadhaa, Emerensiana alitoka mlangoni, akasimama, akageuza kichwa polepole kama mtu anayesikiliza, kisha akatembea hadi jikoni bila kugusa ukuta. Hakusema ahsante. Alisema, "Hapa kwenye kona umeniwekea mtu mrefu sana, ananitisha."

Nilidhani kazi imekwisha. Ndipo alipoanza kugawa.

Theodosia, jirani wa chini, akapata. Mama wa kwaya akapata. Mtu aliyekuja kuuliza njia akapata. Tena sio tawi. Anang'oa shina zima na mizizi yake na donge la udongo, anafunga kwenye jani la mgomba, anampa mgeni barabarani wanapoagana. Mimi nikija nakuta mapengo, nayaziba, nagomba, narudi Gitega. Nikija tena nakuta mapengo. Nilimwambia, "Mama, hii si maua. Hii ni fimbo yako. Ungegawa fimbo yako?" Akajibu kwamba fimbo yake hakuna aliyewahi kuisifu.

Ajabu ni kwamba jikoni na chooni alifika salama na mapengo yake. Alishazoea. Mapengo yaliniuma mimi.

Maharage yakavunwa. Elikana akaazima pikapu ya bosi wake, akapanga foleni ya mafuta mpaka akapata, na Jumamosi moja tukaenda pamoja. Njia ya juu ninayopita na pikipiki ni nyembamba, gari halipiti, kwa hiyo tuliliacha kwenye barabara kubwa chini na kupanda kwa miguu. Njia hiyo ya chini sikuwa nimeikanyaga tangu msimu wa mvua.

Hatukuwa tumefika mbali nilipoyaona. Majani yangu meusi. Yameota kando ya shamba la mama wa kwaya, kwenye ukingo kabisa wa njia, yamenenepa kuliko yaliyobaki kwa mama. Nyuma yake, michirizi myeupe. Juu zaidi, kupita shamba la Longino, kwenye ukingo wa Theodosia, mengine, na majivu yamemwagwa chini yake.

"Unaona," nikamwambia Elikana. "Unaona jasho langu. Nimebeba haya mapajani kutoka Gitega yaje kupamba mashamba ya watu."

"Yamependeza," akasema.

"Usiniambie yamependeza."

Penye shamba la Longino, pale penye mfereji, tukamkuta mwenyewe ameegemea jembe. Longino hakuwahi kukimbilia Tanzania. Kiswahili chake alikipata sokoni Muyinga. Nyuma yake ukingo ulikuwa umechimbwa upya, na ndani ya mfereji mashina meusi yamelala mizizi juu.

"Longino, umefanya nini hapa?"

"Mama Raissa, we usikasirike," akasema. "Mi niliona hii majani iko nyeusi. Nikasema hii iko na ugonjwa, kama ile ya migomba. Agronome, ule bwana shamba, alipita, alituambia kitu chote chenye majani iko nyeusi tutoe, tusingoje. Nikatoa jana."

"Huu mmea ni mweusi tangu kuzaliwa."

"Sasa mi nitajuaje? Mama Emerensiana alinipa, nikapanda hapa, kwa kumuheshimu. Lakini maharage yangu iko pale karibu."

Nilitaka kumweleza tofauti kati ya jani jeusi lenye afya na jani lililooza, jinsi ya kulivunja na kutazama ndani, lakini Elikana alikuwa ameshatangulia. Nikaacha mashina kwenye mfereji nikamfuata.

Emerensiana alikuwa amepika. Maharage mapya, ndizi, mboga ya lengalenga. Hakuwa amefunga hata kanga moja. Elikana alikula, akanawa, akasema lile alilokuja kusema.

"Mama, tumekuja kukuchukua."

"Najua. Umevaa viatu vya safari, nimevisikia."

"Vitu vyako viko wapi?"

"Mahali pake." Akakusanya sahani, moja juu ya nyingine, taratibu. "Elikana, leo nyie ni wageni wangu. Mgeni wangu namsindikiza. Nitawasindikiza hadi kwenye gari, bila mtu kunishika mkono. Nikianguka, nitapanda hilo gari nilivyo, Mama Raissa atarudi kunichukulia nguo. Nisipoanguka, mtapanda wenyewe na tusizungumze tena habari ya Nyamugari."

Elikana akanitazama. Nami hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama wa kwaya, kwa nini Theodosia, kwa nini Longino, na kwa nini hakuna hata mmoja wa njia ya juu aliyepata mche. Nikapandwa na hasira upya. Miezi yote hiyo nimemgombeza, na yeye anaitikia yego, yego, yaani ndiyo, ndiyo, huku akijipandia njia kwenye ardhi ya watu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia nini? Wewe ulinipandia njia ya chooni. Nikakushukuru."

"Hukunishukuru."

"Basi nakushukuru sasa. Lakini mtu hasindikizi wageni chooni."

Nilipaswa kunyamaza. Sikuweza. "Mama, kwa Longino mstari umekatika. Penye mfereji. Ameng'oa jana, alidhani ni ugonjwa."

Alisimama na sahani zake. Nilimwona akikunja na kukunjua vidole vya miguu ndani ya kandambili.

"Basi," akasema Elikana, si kwa ubaya. "Imekwisha hiyo, mama. Ngoja nikufungie vitu."

"Basi nini?" akasema. "Mimi nimesema nitawasindikiza. Nyanyuka."

Akavaa kitenge safi, akafunga kitambaa cheupe kichwani, akatoka mbele yetu. Kwenye ua alikwenda kama mtu anayeona. Nje ya ua akapunguza mwendo. Hakunyoosha mikono, alishusha kichwa kidogo, akautafuta mstari kwa pembe ya jicho, kwa sababu katikati ya jicho hapana kitu tena, akaupata, akaufuata. Penye ukingo wa Theodosia njia inapinda ghafla. Palikuwa na kana yangu, ile ndefu iliyomtisha, imehamia huko. Aligeuka mbele yake kama askari. Theodosia alikuwa shambani. Alituona, akafunga mdomo kwa kiganja.

Elikana alitembea pembeni yangu na mikono imefunguka, kama mtu anayengoja kudaka mtoto.

"Shusha mikono," nikamnong'oneza.

"Niache."

Penye mpaka wa Longino shina la mwisho lilisimama, na baada yake ulikuwa udongo mtupu, mweusi kwa unyevu, na upande wa kushoto mfereji, mweusi vilevile. Mama akafika kwenye shina la mwisho. Akaligusa kwa ncha ya kandambili. Akasimama.

Elikana akapiga hatua. Akamshika kiwiko.

"Niachie," akasema mama. "Nimeanguka?"

"Mama, pale mbele huoni."

"Sijauliza kama naona. Nimeuliza kama nimeanguka."

"Hujaanguka."

"Basi niachie. Nimesimama tu. Kwani kusimama ni kosa?"

Wakabaki hivyo, mtu na mamaye, mmoja hawezi kwenda na mwingine hathubutu kumsukuma, na Longino ameganda na jembe lake mkononi kama aliyeshuhudia ajali. Wangeweza kukaa hapo mpaka giza liingie. Mimi nilikuwa na watoto wa kurudia Gitega na gari la mtu.

Nikavua viatu. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, la kitambaa kinachoonyesha kila tone. Nikashuka kwenye mfereji, nikaokota mashina. Majani yalikuwa yamelegea lakini mizizi ilikuwa na unyevu. Mmea huo ni mkaidi kuliko mama mkwe.

"Longino, lete jembe. Usiniletee maneno, lete jembe. Baba Raissa, yale yenye michirizi, yaokote, yanakwenda nyuma, upande wa shamba. Nyuma, sio mbele. Longino, nyumbani kwako hakuna majivu?"

"Iko, Mama Raissa."

"Yalete yote. Na ukisikia tena agronome anasema kitu cheusi king'olewe, mwulize kama na chungu chako cha maharage nacho king'olewe."

"Mi sikujua," akasema Longino, akikimbia.

"Sasa unajua."

Nilichimba, Elikana akashika mashina, nikashindilia kwa visigino. Mama alisimama palepale kwenye shina la mwisho, mikono nyuma, akisikiliza. Mara moja tu alisema, "Usiweke karibu sana na mfereji, ukingo ule unabomoka," na alikuwa sahihi, nikang'oa mawili na kuyarudisha ndani. Longino akaleta majivu kwenye karai, nikamwaga mstari mpana, mweupe, kutoka mwanzo wa pengo hadi mwisho.

Nikanyoosha mgongo. Gauni lilikuwa limekwisha.

"Haya, mama."

Alishusha kichwa. Akautafuta mstari. Kisha akainua mguu, akaushusha kando ya majivu, akainua mwingine. Mfereji ulibaki kushoto kwake. Aliuacha nyuma. Elikana alipumua kwa sauti kubwa kama ng'ombe.

"Kusaidiwa si sawa na kushikwa mkono?" Elikana akamuuliza mamaye tulipofika kwa mama wa kwaya. Bado alikuwa anatafuta pa kujitetea.

"Nikitembea hakuna mkono ulionigusa," akasema mama. "Mtu akitengenezewa barabara, amebebwa?"

Tukashuka hadi lami. Mama akapapasa bodi ya gari, akaridhika kwamba lipo, akatuaga. Akatutumia salamu kwa watoto mmoja mmoja kwa jina. Elikana akamwambia atakuja baada ya mwezi kuona macho yanaendeleaje, na kwamba akisahau matone hata siku moja, mazungumzo yanaanza upya. Mama akasema yego, kwa ile sauti yake ninayoijua.

Kisha akainama kwenye ukingo wa mama wa kwaya, unaofika hadi lami, akashika shina lililonenepa kuliko yote, akalitikisa, akaling'oa na mizizi yake na donge la udongo, akaniwekea mikononi.

"Usirudi mikono mitupu, mkwe wangu."

"Mama. Ungekata tawi."

"Kwani wewe ni mbuzi?"

Akageuka. Tulisimama kando ya gari tukimtazama akipanda, kichwa kimeinama upande mmoja, kitambaa cheupe kikipita shamba la mama wa kwaya, kikifika kwa Longino. Pale kikapunguza mwendo. Longino alikuwa amesimama kwenye maharage yake na karai tupu, hakusogea. Kitambaa kikaendelea. Kikageuka penye kana, kikapotea.

Tukaingia kwenye gari, Elikana akawasha. "Twende, kabla mafuta hayajaisha."

"Subiri," nikamwambia, nikafungua mlango, nikarudi kulipanda lile shina kwenye pengo aliloliacha mama.